Cheti Kaeni Nacho, Tupeni Ukumbi

Nina vyeti vinne vya mafunzo ya sanaa. Kimoja ni cha usimamizi wa matukio, kimoja cha ujasiriamali kwa wasanii, viwili sikumbuki vilihusu nini. Vyote vina nembo za wafadhili chini, zimepangwa mstari kama timu inayopigwa picha kabla ya mechi. Mafunzo marefu kuliko yote yalikuwa ya siku tano, ndani ya chumba cha mikutano cha hoteli. Tuliandika kwenye bango kitita kwa kalamu za rangi, tukala wali kuku, tukasaini karatasi ya nauli. Siku zote tano maiki ya mwezeshaji ilikuwa ikipiga mluzi kila alipoisogeza karibu na spika. Tulikuwa watu wa sanaa karibu thelathini mle ndani, tunafundishwa kuziona fursa, na hakuna aliyenyanyuka kwenda kuuzima ule mluzi. Nami sikunyanyuka. Sikujua nianzie wapi.

Kazi nilifundishwa baadaye, Mbagala, na fundi mitambo wa sherehe ambaye hana cheti cha aina yoyote. Siku ya kwanza aliniambia, "Kabla hujagusa miksa, kunja waya." Nilikunja waya wiki tatu. Waya wa maiki ukizungushwa kwenye kiwiko kama kamba ya kuanikia nguo, unakatika kwa ndani, na utakatika siku ile bibi harusi ameshika maiki anamshukuru mama yake. Nikajifunza hilo. Nikajifunza kusikiliza mluzi na kujua unatoka kwenye besi, katikati au juu. Nikaunguza twita mbili kwenye send-off ya Tabata, nikazilipa kwa kukatwa ujira wa Jumamosi nne. Hadi leo nikiwa nimepiga magoti nyuma ya spika, mikono ina vumbi, tochi ya simu mdomoni, wajomba wa bibi harusi hunijia na kuuliza, "Dada, samahani, fundi yuko wapi?"

Ninaandika haya nikiwa mwanafunzi wa shahada ya umahiri, na utafiti wangu ni wa muziki wa dansi. Kwa hiyo nina maslahi mawili katika shauri hili na yote nimeshayataja. Shauri lenyewe ni hili: Dar es Salaam ina ukumbi mmoja wa kihistoria ambao bado unaweza kurudishiwa muziki wake, na sioni namna ya kuufufua ikadumu isipokuwa kuufanya mahali pa kufundishia kazi za jukwaa, kwa vitendo, mbele ya watu waliolipa kiingilio.

Ukumbi wenyewe ni Arnautoglu, Mnazi Mmoja. Jina hili kila mtu huliandika anavyosikia, Arnatoglo, Anatoglo, na sitamlaumu mtu. Ulijengwa mwanzoni mwa miaka ya 1950 kwa mchango wa George Arnautoglu, Mgiriki aliyetajirika kwa mkonge, ukawa kituo cha jamii cha Waafrika wa mjini. Mahali ulipo panasema mengi. Mnazi Mmoja ni uwanja ambao serikali ya kikoloni iliuacha wazi makusudi ili kuitenga Kariakoo ya Waafrika na Uhindini, na ukumbi ukawekwa hapo hapo, penye mpaka. Mohamed Said, ambaye ameandika sana historia ya mji huu, anaeleza kuwa humo ndimo ulimofanyika uchaguzi wa TAA wa mwaka 1953, Julius Nyerere alipomshinda Abdulwahid Sykes. Hiyo ndiyo habari inayosimuliwa kila jengo hili likitajwa, na ni haki isimuliwe. Lakini ukumbi ule ulikuwa pia wa dansi. Enzi za Dar es Salaam Jazz, Kilwa Jazz na Western Jazz, kijana wa mjini aliyepiga pasi suruali yake Jumamosi mchana alikuwa na kumbi kadhaa za kuchagua jioni, na Arnautoglu ulikuwa mmojawapo.

Leo madiwani wamekuwa wakifanyia humo vikao vyao, na semina, na mikutano ya hadhara ya namna mbalimbali. Nimekaa humo mara mbili. Mara ya pili, watu walipotoka kwenda kunywa chai, nilipiga kofi moja ili nisikie mwangwi unakwenda wapi na unarudi baada ya muda gani. Mhudumu aliyekuwa akipanga viti akanitazama. Nikamwambia nilikuwa nafukuza mbu.

Babu yangu mzaa mama alipiga tarumbeta katika bendi ya shirika moja la umma. Kama babu wengi alikuwa akiniita mchumba. "Mchumba," aliniambia nilipoanza kumhoji kwa ajili ya tasnifu, kinasa sauti kikiwa mezani na yeye akikitazama kwa mashaka, "andika kwamba mimi nilikuwa mtumishi. Usiandike msanii." Akanitolea kutoka kwenye kopo la biskuti hati zake za mshahara. Kwenye sehemu ya cheo palikuwa pameandikwa mhudumu wa ofisi. Hakuwahi kuhudumia ofisi yoyote. Asubuhi alikuwa kwenye mazoezi, jioni kwenye dansi, na mwisho wa mwezi alipanga foleni dirishani pamoja na makarani na madereva.

Hatuwezi kuuelewa ukumbi wa dansi bila hati ile ya mshahara. NUTA Jazz, iliyoanza mwaka 1964, ilikuwa mali ya chama cha wafanyakazi. Urafiki Jazz ilikuwa ya kiwanda cha nguo, Vijana Jazz ya umoja wa vijana wa TANU, Mlimani Park ikaja kuchukuliwa na DDC, shirika la maendeleo la jiji. Polisi walikuwa na bendi, Magereza walikuwa na bendi, Jeshi la Kujenga Taifa walikuwa na bendi. Vyombo vilikuwa vya mwajiri, mazoezi yalikuwa saa za kazi, na pembeni ya kila bendi walikuwapo vijana wawili watatu waliobeba vyombo, waliofunga na kufungua jukwaa, waliopewa gitaa pale mwenye gitaa alipokwenda kula. Hao ndio waliokuwa wapigaji wa miaka kumi baadaye. Hakuna aliyeuita mfumo ule chuo, wala hapakuwa na mwezeshaji, lakini kama uanagenzi una maana yoyote, basi ndio ule.

Sitaki kuupamba. Vyombo vikiwa vya mwajiri, mpigaji aliyetofautiana na bosi alitoka mikono mitupu. Wanawake waliimba na kucheza. Waliopewa gitaa la besi wanahesabika. Na dola iliyolipa mishahara hiyo ndiyo iliyojipa pia haki ya kuamua masikio ya watu yasikie nini: mwaka 1969 muziki wa soul ulipigwa marufuku jijini. Mashirika yalipoanza kuyumba miaka ya 1980 na kubinafsishwa baadaye, bendi ziliachwa zijitafutie, na zile kazi za pembeni, za kubeba, kufunga na kurekebisha, zikatoweka kwanza, kwa sababu hakuna anayemlipa mwanagenzi akiwa hajui yeye mwenyewe atalipwa nini.

Sasa tumebaki na wapenzi wa zamani. Wapenzi wa zamani ni watu wazuri, na wengi ni walimu wangu, lakini nina ugomvi nao. Kila mkutano kuhusu urithi wa muziki wa jiji hili huishia kwenye pendekezo la makumbusho: picha ukutani, saksafoni ndani ya kabati la kioo, suti ya marehemu fulani, na kitufe cha kubonyeza usikie wimbo. Muhidin Gurumo alifariki mwaka 2014, Shaaban Dede mwaka 2017, King Kikii mwaka 2024. Kila msiba tumeandika rambirambi ndefu kwenye simu zetu na kuweka picha nyeusi na nyeupe. Kila mmoja wao alikwenda na mambo ambayo hayakai ndani ya kabati la kioo: namna ya kuiongoza bendi kwa nyusi, namna ya kujua wachezaji wamechoka na wimbo ukatwe, namna ya kupanga sauti tatu bila nota. Mambo hayo yanakaa kwenye mkono na sikio la mtu anayesimama kando yako ukikosea. Ningeambiwa nichague kati ya kuokoa magitaa ya zamani na kuokoa saa mia mbili za mazoezi na mpigaji wa miaka sabini na tano, ningeyaacha magitaa yaliwe na mchwa.

Upande wa pili kuna watu wa maendeleo, na hao ugomvi wangu nao ni mkubwa zaidi. Wao hufikiri ukumbi ukipakwa rangi, ukiwekewa viyoyozi na bango la taa, umefufuka. Ukumbi wa namna hiyo utakodishwa kwa kitchen party mwezi wa kwanza, na mwezi wa kumi na mbili utakuwa bado unakodishwa kwa kitchen party. Sina ubaya na kitchen party, zinanilipia kodi ya chumba. Ila jiji hili halina upungufu wa kumbi za kukodi. Upungufu wake ni wa watu wanaojua kuifanya kumbi isikike, imulike na isiue mtu.

Anayebisha na apite kumbi kumi Jumamosi moja, kuanzia Sinza hadi Mbagala. Atakuta sherehe kumi zenye vifaa vya mamilioni vikiendeshwa na vijana waliojifunza kwa kuunguza. Makanisa yana miksa ambazo redio nyingi hazina. Mikutano ya kampeni, mikutano ya injili, uzinduzi wa vinywaji, usiku wa singeli: kote kuna jukwaa, taa, jenereta, mtu wa mlangoni, mtu wa ulinzi, mtu wa kushona sare za wacheza shoo. Tunaambiwa sanaa haina ajira ilhali kila wikiendi jiji zima linaajiri, kwa maneno ya mdomo, bila mkataba, kwa hela ya usiku ambayo unaweza kuambiwa saa tisa alfajiri kwamba mwenye sherehe ameshaondoka. Nimeambiwa hivyo mara mbili. Mara moja nilirudi nyumbani kwa miguu kutoka Kinondoni, nikiwa na miksa ndogo kichwani kama ndoo ya maji.

Nikisema mafunzo ya kazi za jukwaa, basi, simaanishi kutafuta vipaji. Vipaji vinatafutwa kila mwaka kwenye televisheni, na vikishapatikana vinarudishwa nyumbani. Namaanisha kundi la vijana, tuseme ishirini kwa kuanzia, wanaoingia Arnautoglu Jumatatu na kutoka baada ya mwaka mmoja wakiwa wamefanya kazi katika kila dansi lililopigwa humo. Nusu ya siku ni mafunzo, usiku ni kazi yenyewe, na kazi inalipwa. Sauti, taa, umeme wa jukwaa, useremala wa seti, ushonaji wa mavazi ya maonyesho, utengenezaji wa vyombo, hesabu za mlangoni, kusoma mkataba kabla ya kuusaini. Na wapigaji, bila shaka. Bendi moja ya ukumbi, wazee wanne au watano wanaolipwa kama walimu, na vijana pembeni yao, Ijumaa na Jumamosi, kiingilio ambacho mwalimu wa shule ya msingi anakimudu.

Tena, na hapa ndipo ninapokosa usingizi, nusu ya shule hiyo ipo tayari. Arnautoglu ni jina pia la chuo cha maendeleo ya wananchi, kimojawapo cha vile ambavyo nchi ilianza kuvifungua mwaka 1975 kwa kuiga mfano wa Sweden. Vyuo vya aina hii hufundisha ushonaji, upishi, umeme wa majumbani, useremala. Soma orodha hiyo tena ukiwa umesimama mbele ya jukwaa tupu. Anayeshona sare za shule anaweza kushona vazi la shoo. Anayevuta nyaya za nyumba yuko miezi michache kutoka kuwa mtu wa taa. Meza na jukwaa ni mbao zilezile. Na watu wakicheza dansi wanasikia njaa. Tuna chuo bila jukwaa na ukumbi bila kazi, vyote chini ya jina moja la Mgiriki mmoja, na hatujavitambulisha.

Najua nitaambiwa TaSUBa ipo. Ipo, na ni fahari yetu. Chuo cha Sanaa Bagamoyo kilianzishwa mwaka 1981, na karibu kila mchezaji ngoma mzuri niliyefanya naye kazi amepitia huko au amefundishwa na aliyepitia huko. Lakini Bagamoyo ni Bagamoyo. Mtoto wa Buguruni anayeuza maji ya kandoro kwenye foleni mchana hawezi kuhamia huko miaka miwili, na soko la kazi ninazozizungumzia liko hapa, usiku, kwenye barabara zinazofikika kwa daladala mbili.

Mfano wa nje nitautaja mmoja tu. Camden, London, kuna jengo la mviringo linaloitwa Roundhouse, lililojengwa miaka ya 1840 kwa ajili ya kugeuzia vichwa vya treni. Miaka ya 1960 likawa ukumbi wa muziki, Pink Floyd na The Doors wakapiga humo. Mwaka 1983 likafungwa. Mwaka 1996 tajiri mmoja aliyetengeneza fedha kwa midoli ya watoto, Torquil Norman, akalinunua, na lilipofunguliwa tena mwaka 2006 juu palikuwa ukumbi na chini, kwenye mahandaki ya treni, palikuwa studio za vijana. Sijafika huko, nimesoma tu. Kilichonigusa ni ule mpangilio: anayejifunza chini anasikia kishindo cha shoo juu ya kichwa chake. Hawezi kusahau anajifunza kwa ajili ya nini. Sisi hatuna Norman, na sitaki tukae tukimsubiri. Tulishapata tajiri wetu zaidi ya miaka 70 iliyopita, akatoa ukumbi, jina lake liko mlangoni. Kilichobaki ni chetu.

Fedha, basi. Sheria inazitaka halmashauri zitenge asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Nimekaa kwenye vikundi vinavyoomba mikopo hiyo. Tunaombea bodaboda, tunaombea kuku, tunaombea mashine za kufyatulia matofali, kwa sababu ndivyo vinavyoeleweka kwenye fomu. Kikundi cha vijana watano kinachoomba miksa, spika nne na taa sita kinaonekana kinataka kufanya uhuni. Bodaboda moja inalisha mtu mmoja na inaweza kumvunja mguu. Seti ya mitambo ikitunzwa inalisha watano kwa miaka mingi, na waya ukikunjwa vizuri hudumu kuliko ndoa nyingi ilizotumika kufungisha. Halmashauri ya jiji yenye ukumbi, yenye mfuko wa vijana na yenye chuo mlangoni haihitaji mradi kutoka nje. Inahitaji kikao kimoja, na kwa bahati nzuri ukumbi wa kukaa inao.

Kuna pingamizi moja ninaloliheshimu. Mama mmoja wa Kariakoo, mpangaji wa ghorofa ya tatu, aliniuliza nani atamlipa usingizi wake. Ni swali la haki. Jiji hili limeteseka kwa kelele za baa ambazo spika zake zimeelekezwa barabarani, na mamlaka zimekuwa zikizifungia. Jibu langu ni la kifundi: kelele nyingi hizo ni za mtu asiyejua anachofanya. Mluzi, besi inayotikisa madirisha ya jirani huku ndani haisikiki vizuri, maiki iliyopandishwa hadi mwisho kwa sababu MC hajafundishwa kuishika. Ukumbi wa kufundishia ungekuwa ukumbi wa kwanza mjini wenye watu kazi yao ni kupima sauti hapo nje kwenye dirisha la mama huyo. Na saa sita kamili, zima. Nilimwambia hivyo. Akasema tutaona.

Babu alifariki kabla sijamaliza sura ya pili. Tarumbeta aliniachia mimi, na pistoni ya tatu ilikuwa imeganda. Nililizungusha Kariakoo siku mbili. Fundi wa saa alilikataa, fundi wa cherehani alilikataa, hatimaye fundi wa majiko ya gesi akaniambia niache namba ya simu. Baada ya wiki alinipigia: imefunguka, elfu kumi na tano. Hakuwahi kuliona tarumbeta kwa karibu maishani mwake. Aliifungua pistoni kwa akili yake tu, na aliponikabidhi aliniuliza kama kuna mahali wanafundisha kutengeneza vitu hivi, maana kijana wake amekaa tu nyumbani.

Yuko mzee mmoja Temeke, alipiga saksafoni miaka mingi, sasa jicho moja halioni vizuri. Nilimsomea rasimu ya makala hii. Kwenye habari za makumbusho alicheka, kwenye habari za mikopo akanyamaza. Mwishoni akasema, "Mjukuu wangu, mimi Jumanne na Alhamisi nipo. Asubuhi, lakini, jioni sioni njia. Nauli nitajilipia." Nimemwambia nauli tutamlipa. Bado sijajua ni sisi akina nani.